Kizingiti chini ya sakitu: boti kukwama katika loki namba 50, Tardebigge

Boti ilikwama saa sita kasorobo mchana, tezi (nyuma) juu omo (mbele) chini, katika loki (chumba cha kupandishia na kushushia boti) namba 50 ya Tardebigge, kwenye mfereji unaounganisha Birmingham na Worcester, Uingereza. Ilikuwa Jumamosi ya katikati ya Januari na maji yalikuwa yameganda. Hakuna aliyeumia, wala boti haikuzama. Lakini ilibaki kidogo sana, na spana iliyofungulia maji ilikuwa mkononi mwangu. Nimekipima kisa hiki kila upande pamoja na shemeji yangu, ambaye boti ni yake, na nataka kukieleza chote, maana ukikisikia juu juu utaambiwa barafu ndiyo iliyotukwamisha. Sivyo. Barafu ilituficha kitu kimoja na ikatutia haraka. Mengine tuliyafanya wenyewe.

Tulikuwa wawili tu. Shemeji ni mtu wa Tabora, hakuwahi kugusa chombo cha majini mpaka alipofika Uingereza. Kodi ya nyumba ilipomshinda alinunua boti kuukuu ya chuma, akaingia kuishi humo, na kazi za mfereji akajifunza polepole kwa kuuliza kila aliyemkuta njiani. Mimi nimezaliwa Pangani, ukingoni mwa mto, na ngalawa nimeipanda kabla sijajua kusoma. Naishi Birmingham, na akiwa na safari yenye loki nyingi hunipigia simu nikamsaidie. Nataja asili zetu kwa sababu ziliingia kwenye kosa.

Boti yenyewe ina urefu wa mita 17 na kitu, na upana wa mita 2 na sentimita 8 tu. Wembamba huo una historia yake. Mhandisi James Brindley, aliyeongoza ujenzi wa mifereji mingi ya mwanzo katika karne ya 18, alijenga loki zake kwa upana wa futi 7, kama mita 2 na sentimita 13, ili kuokoa maji na gharama. Mifereji mingi ya katikati ya Uingereza ikafuata kipimo hicho, na hadi leo mwenye boti nyembamba anaingia lokini akiwa na nafasi ya kama vidole viwili tu kila ubavu. Katika kiangazi nafasi hiyo inatosha. Kipande cha barafu kikikaa katikati, haipo tena.

Msomaji ambaye hajaona loki asiogope neno. Ni chumba cha matofali na mawe, kirefu kama mita 22, ambamo maji hujaa na kupwa kwa amri yako. Juu kuna lango moja, chini kuna malango mawili yanayokutana kwa pembe na kubanwa na uzito wa maji. Chini kabisa ya maji, kwenye malango au ardhini kando yake, kuna vilango vidogo vinavyopandishwa kwa meno ya chuma, unayazungusha kwa spana yenye mkono uliopinda. Ulimi mdogo wa chuma hudaka yale meno ili kilango kisianguke. Unaposhuka, unaingia loki ikiwa imejaa, unafunga lango la juu nyuma yako, unapandisha vilango vya chini, maji yanatoka, boti inashuka nayo mpaka yawe sawa na maji ya mbele, halafu malango ya chini yanafunguka kwa kusukuma boriti, mti mrefu ulio juu ya kila lango, kwa makalio. Kila mshuko unatumia maji kama lita laki moja.

Hatari kubwa ya kushuka ni kizingiti. Chini ya lango la juu ukuta unajitokeza ndani ya chumba, kiasi cha mita moja na nusu. Loki ikijaa hukioni. Maji yakipwa kinatokeza kama mwamba, na boti ambayo tezi yake iko juu yake itakaa pale pale huku omo ikiendelea kushuka na maji. Kila aliyelelewa pwani ameona dau lililoachwa juu ya jiwe wakati wa maji kupwa, limelala upande likisubiri maji yarudi. Ila bahari hukupa saa sita, loki hukupa dakika mbili tatu, na maji hayarudi mpaka mtu ayarudishe. Kwa sababu hiyo kila loki imechorwa mstari mweupe ukingoni, kuonyesha kizingiti kinaishia wapi. Kanuni ni moja: tezi iwe mbele ya mstari, na ibaki mbele ya mstari hadi chini.

Tardebigge ina loki 30 zilizofuatana, ndiyo ngazi ndefu kuliko zote Uingereza. Mfereji ulikamilika mwaka 1815, na loki hizo zinateremsha boti mita 67 katika mwendo usiofika kilomita 4. Juu, karibu na kanisa lenye mnara mrefu uliochongoka, ndipo mwandishi L. T. C. Rolt alipoegesha boti yake Cressy miaka ya Vita ya Pili ya Dunia, na kukutana kwake pale na mwandishi mwenzake Robert Aickman kulizaa, mwaka 1946, chama kilichopigania mifereji isifukiwe. Mtu akisimama pale juu asubuhi ya baridi, akaona loki zinavyoporomoka moja baada ya nyingine hadi bondeni, anaelewa kwa nini walipigania.

Sasa haraka ilitoka wapi? Mifereji mingi ya England na Wales husimamiwa na shirika la Canal & River Trust tangu mwaka 2012, na matengenezo makubwa hufanywa majira ya baridi, Novemba hadi Machi, wakati wasafiri ni wachache. Malango ni ya mwaloni, hudumu kiasi cha miaka 25, kisha yanang'olewa na kuwekwa mapya. Tangazo lilikuwa limetolewa miezi kabla kwamba loki moja mbele yetu ingefungwa kuanzia Jumatatu kwa wiki kadhaa. Shemeji alikuwa ameanza kazi Worcester, akataka boti iwe karibu na kazi. Alikuwa pia anahesabu siku zake. Boti yake haina gati la kudumu, na sheria ya mwaka 1995 inataka boti za namna hiyo zisikae mahali pamoja zaidi ya siku 14. Siku ya 14 ilikuwa Jumapili.

Sheria hiyo hiyo inaendelea kusema "au muda mrefu zaidi ambao ni wa busara kwa hali ilivyo". Mfereji ulioganda ni hali. Simu moja ingemaliza jambo. Tulilijua hilo wote wawili, lakini mtu aliyekwisha kufunga safari moyoni hasikilizi vizuri, na hatukupiga simu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi baridi ilishuka hadi nyuzi 4 chini ya sifuri. Nilipofika asubuhi mfereji ulikuwa kimya, umefunikwa kioo cha kijivu. Nilirusha jiwe dogo, likateleza juu ya barafu likilia mlio mwembamba kama waya uliokazwa. Shemeji alipima kwa kupiga pondo, mti mrefu wa kusukumia boti, ubavuni mwa boti: unene wa kidole, sentimita moja na nusu. Boti ya chuma inapasua hiyo bila shida. Inachubua rangi nyeusi ya lami inayokinga chuma kwenye usawa wa maji, lakini inapita.

Boti ya pili kutoka kwetu ilikuwa ya plastiki, na mwenyewe ni bibi mmoja mzee aliyeishi humo na paka wake. Alitoka na kikombe cha chai mkononi aliposikia injini yetu. Hakugomba. Alimwomba shemeji angoje hadi jua lilegeze barafu, maana boti ya chuma ikipita, mabamba ya barafu husukumwa pembeni na kukata kama shoka, na ubavu wa plastiki au wa mbao hauwezi. Alikuwa na haki kabisa. Huo ni ustaarabu wa mfereji, kutopasua barafu nene penye boti za wenzako. Tulichofanya ni nusu ya alichoomba: tulishuka na pondo, tukavunja barafu kuizunguka boti yake taratibu kwa mkono ili mabamba yasisukumwe, ikatuchukua nusu saa, kisha tukaondoka. Alitushukuru. Lakini nakumbuka alituuliza, "Ni lazima iwe leo?" na hakuna aliyemjibu.

Wazee wa mfereji wanapozungumzia barafu hutaja majira ya baridi ya 1962 hadi 1963. Yalianza siku moja baada ya Krismasi, na mfereji haukufunguka mpaka Machi. Januari 1963 wastani wa baridi katikati ya England ulikuwa nyuzi 2 chini ya sifuri, mchana na usiku, mwezi mzima. Zamani walikuwa na boti maalumu za kuvunja barafu, zenye chuma omo, zinavutwa na farasi wengi huku wanaume wamesimama juu, wameshika bomba katikati, wanaitikisa kushoto na kulia ili barafu ipasuke. Mwaka ule hata hizo hazikufua dafu. Familia zilizobeba makaa ya mawe kwa boti zilikaa wiki baada ya wiki zimegandia njiani na shehena yao, wateja wakahamia kwenye malori, na wengi hawakurudi. Biashara ya kubeba mizigo kwa boti nyembamba, iliyokwisha kudhoofika, haikuinuka tena. Shemeji alinisimulia haya tukiingia loki ya kwanza. Niliyasikia kama hadithi.

Loki ya juu kabisa ina namba 58, na namba zinapungua unavyoshuka. Tulianza saa tatu. Kiangazi, watu wawili wanaojua kazi huchukua kama dakika 10 kwa loki pale, kwa hiyo ngazi nzima ni saa tano hivi. Hesabu hiyo ndiyo tuliyokuwa nayo kichwani.

Loki nane za kwanza zilituonyesha kwamba hesabu ni nyingine, nasi hatukuisoma. Boriti zilikuwa na sakitu, ule umande ulioganda, ukizisukuma viatu vinateleza kwenye matofali yaliyowekwa makusudi yamejitokeza ili mtu apate pa kukanyaga, nayo yalikuwa yamepakwa barafu. Spana ilinata kwenye glavu iliyolowa. Nilipovua glavu moja nishike vizuri, chuma kilinishika ngozi, nikalazimika kukipulizia pumzi kabla ya kuachia. Kamba iliyolowa maji loki ya kwanza ilikuwa fimbo loki ya tatu, haikunjiki, haikazi kwenye kikingi. Kibaya zaidi ni malango ya chini. Yanafunguka kwa kurudi ndani ya chumba na kuingia kwenye kijishimo cha ukuta. Boti ikija na barafu mbele yake, mabamba yanajibana kati ya lango na ukuta, lango linaishia robo tatu, na kwa boti yenye nafasi ya vidole viwili, robo tatu ni kufungwa. Unalirudisha lango, unaingiza pondo, unatoa vipande kimoja kimoja, unajaribu tena. Tulikuwa tunatumia dakika 20 kwa kila loki. Loki 30 kwa dakika 20 ni saa kumi, na jua lingezama saa kumi na dakika ishirini jioni, saa saba na kidogo tangu tulipoanza. Tungemalizia loki nane au tisa gizani, juu ya matofali yenye barafu. Hesabu hii inafanyika kwa vidole. Hakuna aliyeifanya. Kila mmoja alihisi tu kwamba tumechelewa, na mtu anayehisi amechelewa huanza kudokoa dakika mahali ambapo hapaonekani.

Dakika nilizodokoa mimi zilikuwa za kutazama. Loki mbili za kwanza nilitembea hadi tezi, nikaona boti ilipo dhidi ya mstari, nikarudi kwenye vilango. Mita 20 kwenda, mita 20 kurudi, kwa hatua fupi za kuogopa kuanguka. Kuanzia loki ya tatu nilibaki chini, nikawa nanyanyua mkono, shemeji ananyanyua wake, nafungua.

Loki namba 50 ni ya tisa kushuka. Barafu ya kipande cha maji kilichoitangulia ilikuwa nene kuliko tuliyoizoea, kivuli cha miti hakikuipa jua. Boti iliisukuma mbele yake kama mtu anayesukuma mkeka. Ilipoingia lokini, barafu yote hiyo iliingia nayo, ikavunjika, ikapandana, ikajaza nafasi kati ya omo na malango ya chini. Shemeji, akiwa tezi ameshika kana, mkono wa usukani, alisikia boti inagusa kitu na kusimama. Alijua mguso huo, ni wa omo kugusa lango, ishara kwamba umefika mbele kabisa na kizingiti kiko mbali nyuma yako. Akaweka injini huru. Akanyanyua mkono.

Haukuwa mguso wa lango. Boti ilikuwa imeegemea mkeka wa barafu wenye urefu wa zaidi ya mita tatu, ngumu kama ukuta kwa muda ule ilipobanwa. Tezi ilikuwa juu ya kizingiti. Na mstari mweupe, ambao ungemwambia? Alitazama. Ananiapia alitazama, nami namwamini, kwa sababu nimekwenda kuutazama mwenyewe baadaye. Ukingo wote wa loki ulikuwa umefunikwa sakitu. Mstari mweupe juu ya jiwe jeupe.

Nikapandisha kilango cha kwanza hadi juu, na cha pili hadi juu, bila kituo. Maji yakavuma. Nilikuwa nimeinama, nasugua mikono, natazama upande wa chini yanapotokea maji, si upande ilipo boti. Nikasikia injini imebadilisha sauti, kisha kishindo cha vyombo kuporomoka ndani ya boti, sufuria, vikombe, kitu kizito kikiburuzika. Halafu shemeji:

"Shem, funga! Funga maji!"

Nilipogeuka, omo ilikuwa imeinama chini yangu na tezi imenyanyuka, usukani na nusu ya rafadha (panga linalosukuma boti) viko wazi juu ya jiwe vikichuruzika. Mshazari wenyewe haukuwa mkubwa kwa kipimo, labda sentimita 30 kutoka tezi hadi omo. Kwa macho ilikuwa kama boti inazama mbele yangu. Maji ya barafu yalikuwa yameshafika kwenye matundu ya sitaha ya mbele, yale ya kutolea maji ya mvua, na yalikuwa yanaanza kuingia badala ya kutoka.

Kilango cha kwanza kilishuka mara moja. Cha pili kilikataa. Maji yaliyorukia meno yale nilipokuwa nakipandisha kwa spana iliyolowa yaliganda kwenye ulimi, nao haukunyanyuka. Niliupiga kwa spana mara tatu nne mpaka barafu ikapasuka, nikazungusha, kikashuka. Sijui zilikuwa sekunde ngapi. Nilipomaliza, uvumi wa maji ulikoma, na boti ikabaki ilivyo, imening'inia, haishuki tena. Nikapanda kwenda lango la juu kwa kupita kwenye majani, si kwenye matofali. Nikafungua kilango kimoja cha juu, robo tu. Maji yakaanza kuingia taratibu, omo ikanyanyuka, na baada ya dakika kadhaa tezi ikaachana na jiwe kwa mtikisiko mmoja, boti nzima ikarudi nyuma ikagonga lango la juu na kutulia.

Shemeji alikaa chini pale pale kwenye sitaha. Nami nilikaa kwenye boriti iliyojaa sakitu, wala sikuhisi baridi yake.

Tulipoanza kuchambua, jambo la kwanza tuliloliona ni kwamba kuna sehemu tulifanya sawa, na sehemu hizo si kwa akili yetu tu. Alichokipazia sauti shemeji ndicho cha kwanza kufanywa: simamisha maji. Wengi hukimbilia kuongeza nguvu ya injini ili boti ijivute mbele, na ikivutika ghafla huanguka kutoka kwenye kizingiti, tezi ikapiga maji na usukani ukang'oka. Wengine hukimbilia lango la juu kujaza, wakati vilango vya chini bado viko wazi, na wanajaza ndoo iliyotoboka. Funga chini kwanza. Kisha jaza, kidogo kidogo, maana maji yakija kwa kishindo juu ya boti iliyoinama yanaipeleka yanakotaka. Haya alifundishwa shemeji na waliomtangulia mferejini, na Mtabora huyu aliyakumbuka boti ikiwa imeinama. Mwana wa Pangani alikuwa anatazama kwingine.

Baridi yenyewe ilituokoa kwa njia moja. Milango ya mbele ya boti ilikuwa imefungwa na kuzibwa kwa nguo nzito ili joto la jiko lisitoke. Kiangazi milango hiyo huachwa wazi, na maji yaliyofika kwenye sitaha yangeshuka moja kwa moja hadi sebuleni. Boti zinazozama lokini huzama namna hiyo, maji hayatoboi chuma, yanaingia mlangoni. Yaliyoingia kwetu yaliishia sitahani, na maji ya ngama, ya chini kabisa ya boti, tuliyoyateka baadaye hayakujaza ndoo mbili.

Jiko ndilo lililonitisha kuliko nilivyokiri siku ile. Ni jiko la chuma la makaa ya mawe, limefungwa sakafuni kwa bolti, na bolti hizo zilishika. Birika lililokuwa juu yake ndilo lililoburuzika. Kama jiko lingehama sentimita chache, bomba la moshi lingeachana, na gesi isiyo na harufu ingejaa ndani. Watu wetu wanaoingiza jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi wanaijua gesi hiyo kwa misiba. Kwenye boti king'ora cha gesi hiyo kimekuwa cha lazima tangu Aprili 2019. Cha shemeji kilikuwa kinafanya kazi, tulikijaribu jioni hiyo hiyo.

Kuhusu kosa langu, sikubaliani na shemeji anaposema tuligawana nusu kwa nusu. Anayefungua vilango ndiye mwenye maji. Mkono ulionyanyuliwa tezini ni maoni ya mtu aliye chini, ndani ya chumba, ambaye haoni omo wala ukingo vizuri. Mimi nilikuwa juu, ningeona vyote kwa hatua kumi. Na ningepandisha kilango kimoja, nusu, nikangoja boti ianze kushuka sawasawa, tezi ingegusa jiwe polepole na tungekuwa na muda. Vilango viwili hadi juu ni kwa siku ya jua na boti uliyoiona kwa macho yako. Sikuona haja, kwa sababu nilijiona mtu wa maji. Nimekulia kwenye maji yanayoondoka taratibu, yanayokuonyesha mwamba kabla hujaufikia, na sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba ujuzi huo haunifundishi chochote kuhusu maji yanayoondoka kwa dakika tatu ndani ya kisanduku cha matofali. Shemeji aliyekuwa mgeni wa maji alikuwa na hofu ya kiasi, na hofu hiyo ilimfanya ajifunze nini cha kupaza sauti.

Kuna jambo la kukimbia pia. Sikukimbia kwenda lango la juu, ingawa kila kiungo kilitaka. Maji ya mfereji siku ile yalikuwa karibu na sifuri. Anayetumbukia kwenye maji ya baridi hivyo, kinachomuua mara nyingi ni pumzi ya kwanza: mwili unashtuka, kifua kinavuta hewa bila ruhusa, na akiwa chini ya maji anavuta maji. Waokoaji wa RNLI, shirika la uokoaji majini la Uingereza, hufundisha ulale chali, uelee, usipambane mpaka pumzi irudi. Lokini, kati ya boti ya chuma na ukuta wenye utelezi, hata pa kulala chali hapapo. Mimi nilikuwa nimevaa jaketi la kuokolea, shemeji alikuwa ameliweka ndani kwa sababu halikupita juu ya koti lake nene. Kama ningeanguka, au yeye angerushwa na ule mtikisiko, kisa hiki kingeandikwa na mwingine.

Tulipopata nguvu tuliijaza loki, tukafungua lango la juu, tukairudisha boti nje. Kisha tukaisafisha loki yenyewe: tukaipwesha bila boti ndani, tukahangaika na malango ya chini hadi yakafunguka, tukafungua kilango cha juu kidogo ili maji yasukume barafu nje kama mto, shemeji akisaidia kwa pondo. Ilichukua dakika 40 na maji mengi. Ndivyo tulivyotakiwa kufanya tangu mwanzo kila barafu ilipokuwa nyingi, na ukifanya hivyo kila loki, unashuka loki tano kwa siku. Hapo ndipo hesabu ilipofanyika hatimaye, kwa sauti, tukiwa tumesimama. Tukapiga simu, tukaeleza, tukaruhusiwa kulala pale pale kwenye ngazi mpaka iyeyuke.

Kulala kati ya loki mbili kuna shida yake, malango yanavuja na kipande cha maji kinaweza kupungua usiku. Hapo kidogo Pangani ilinisaidia. Nilifunga kamba kwa kuacha ulegevu wa kutosha, kama unavyofunga dau ukijua maji yatapwa, na tulipoamka boti ilikuwa imeshuka sentimita 20 ikiwa imekaa sawa.

Barafu iliyeyuka siku ya nne. Loki iliyotangazwa ilikwisha kufungwa, kwa hiyo boti ilikaa chini ya ngazi mpaka Machi, na shemeji alikwenda kazini kwa treni kutoka Bromsgrove, safari fupi tu hadi Worcester. Asubuhi ya kushuka alikuja kwangu na birika la maji ya moto na ufagio mgumu. Katika loki zilizobaki, kila tulipoingia, alimwaga maji ya moto ukingoni, akafagia mpaka rangi ikaonekana, akasimama juu ya mstari na viatu vyake. Mimi nilitembea hadi alipo, nikaitazama tezi, ndipo nikarudi kufungua kilango kimoja, nusu.